Orodha ya Waliomuua Rais

Mwezi uliopita nilinunua karanga stendi ya Kabanga. Nilikuwa nasubiri basi lijae niende Ngara mjini kukutana na Baba, na karanga zenyewe nikapewa zimefungwa kwenye ukurasa wa kitabu. Si gazeti, jamani. Kitabu! Herufi ndogo ndogo, na pale katikati mtu anaelezwa amefungua mlango akakuta, basi, akakuta nini sijui, kwa sababu muuzaji alikuwa amechania hapo hapo. Nikamuuliza, "Dada, kurasa nyingine ziko wapi?" Akanitazama juu chini. "Si umeshapata karanga zako?" Nikala hivyo hivyo. Lakini ile harufu ya karatasi ya zamani iliyolowa mafuta na chumvi ilinikaa puani njia nzima, nikashuka Ngara nimenuna, na hadi naandika haya hasira haijaniisha.

Mtu mwingine angetupa karatasi akasahau. Mimi siwezi. Kitabu kilichopungua mwisho kiliwahi kumweka baba yangu ndani siku nne, na hizo siku nne sisi bado tunazilipia. Ngoja niwaeleze, maana nimeshachoka kukaa nayo peke yangu.

Kijiji chetu kiko upande wa Bukiriro. Baba aliletwa hapo kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, meno bado hayajaota. Alikulia hapo, akasoma hapo hadi darasa la saba, akamuoa Mama ambaye ni Mhangaza wa hapo hapo. Kwa Kirundi na Kihangaza vinavyofanana, mtu asiyejua asingeweza kusema nani katoka wapi. Lakini ninyi wa umri wangu mnaikumbuka ile miaka. Watu walikuwa wanavuka mpaka kwa makundi, wengine wanaingia, wengine wanarudishwa, na sisi tuliokuwepo kabla yao wote tukawa tunaulizwa maswali kama waliofika juzi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa na daftari la wageni. Shangazi yangu akitoka Nemba kutuletea michembe ya viazi vitamu, siku mbili tu, lazima aandikwe: kaja na nani, kalala wapi, anaondoka lini. Shangazi! Na michembe yake!

Tena kulikuwa na Bwana Asali. Huyu alipanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu, akasema yeye ni mnunuzi wa asali. Vizuri. Watu wakamletea asali. Akasema si aina anayoitaka. Wakamletea ile nyeusi ya msitu wa Biharamulo, ya nyuki wakali. Akasema mzani wake haujafika. Alikaa nasi miezi kumi na mzani haukufika, na hata kijiko kimoja cha asali hakununua. Alivaa koti la kaki jua likiwaka, akizunguka kuuliza nani kapata mgeni na nani anasikiliza redio ya wapi. Mtoto anayejifunza kutambaa alijua kwamba yule ni mtu wa usalama. Lakini kila mtu alijifanya hajui, na yeye akajifanya hajui kwamba tunajua. "Umeamkaje na asali, bwana mkubwa?" "Nzuri tu, nasubiri mzani." Kila siku hivyo hivyo. Ukiwaza sana unaweza kupiga kelele.

Sasa kitabu. Mwalimu mmoja alipohamishwa alituachia kitabu kisicho na jalada wala ukurasa wa kwanza. Jina lake hadi leo silijui, na aliyekiandika simjui. Nimeuliza maduka ya vitabu Mwanza, nimeeleza kisa chote kwa watu wanaojifanya wamesoma kila kitu, hakuna anayekifahamu. Kilikuwa cha siasa na mauaji. Katika nchi isiyotajwa, Rais anakunywa chai asubuhi, anaanguka, anakufa. Anateuliwa mpelelezi. Lakini waliomteua wanaweka watu wa kumfuata yeye mwenyewe. Simu yake inasikilizwa, dereva wake anaandika taarifa zake, hata mkewe anaitwa pembeni na kuulizwa.

Baba alikuwa akitusomea Jumapili mchana baada ya misa, barazani, majirani wakija na maganda yao ya maharage kupukuchua. Msimu ule mvua ilinyesha sana, na kusikia tena harufu ya maganda mabichi ya maharage pamoja na karatasi iliyoota ukungu kunanirudisha pale moja kwa moja. Tulikuwa sisi wa nyumbani, Mzee Bukuru seremala, Mama Odeta mpika pombe ya ndizi, na Katekista wa kigango chetu, mtu mwembamba aliyependa kutangulia kila kitu, hata nyimbo za kanisani.

"Waya unasikiaje na hauna masikio?" Mama Odeta aliuliza siku ya simu.

"Bwana Asali ana masikio bila waya," akajibu Mzee Bukuru. "Kwa nini waya usiwe na masikio bila Bwana Asali?"

Wakacheka, kisha wote kwa pamoja wakageuka kutazama njia.

Tatizo lilikuwa majina. Mwandishi aliwapa watu wake majina marefu ya kubuni, na wasikilizaji wakawa wanachanganya Waziri na mpishi. Na kwetu hadithi haiachwi kuwa ya watu wa mbali. Msimuliaji akisema palikuwa na fisi, lazima amtafute fisi wake pale pale barazani, na aliyepewa ufisi anaupokea, na mambo yakienda kombo anajitetea. Baba akasema, "Basi tugawane." Mzee Bukuru akapewa Waziri wa Ulinzi. Mama Odeta akawa mpishi wa Ikulu. Katekista akachagua mkuu wa redio ya taifa, hata hakungoja kupewa. Baba akabaki na Mshauri wa Rais, cheo ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu Mshauri hakuwa na gari.

Tangu hapo hapakukalika. Waziri alipomshuku mpishi katika sura ya tisa, Mama Odeta alinyanyuka na ungo wake akaenda zake, na kwa wiki mbili hakumuuzia Mzee Bukuru pombe hata tone. Mzee Bukuru akawa anapita nyumba kwa nyumba akilalamika kwamba si yeye aliyesema, ni kitabu. Watu wazima hawa! Wenye wajukuu!

Ili wasigombane, Baba akachukua karatasi ya daftari akaandika kila mtu alikuwa wapi, akaipigilia misumari ukutani pale sebuleni. Nayakumbuka maneno yake yote. Mama Odeta, jikoni, ana ufunguo, anaijua chai ya Rais. Bukuru, Ulinzi, aliondoa askari getini saa kumi na moja. Katekista, redio, tangazo la kifo liliandikwa kabla Rais hajafa. Mimi, Mshauri, nilikuwa naye mezani. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu na mstari mara mbili: Rais anakufa saa moja na nusu asubuhi, nani anaweka sumu?

Baba yangu mpendwa. Darasa la saba, mwandiko mzuri kuliko wa karani. Akili ya kuchukua tahadhari hakuwa nayo hata chembe.

Na wakati wenyewe aliouchagua! Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, ilisemekana kuna kiongozi mkubwa atapita barabara kuu kwenda mpakani, kwa hiyo Bwana Asali alikuwa halali. La pili, na hili ndilo lililokuwa maisha yetu, watu wa uhakiki walikuja kutoka mbali wakaweka meza yao kwenye ofisi ya kata, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Wote wenye asili ya ng'ambo walioishi hapo muda mrefu walitakiwa kwenda kujaza fomu ya uraia. Meza ingekaa Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi, basi. Kitongoji chetu kilipangiwa Alhamisi. Baba alikuwa ameisubiri hiyo meza tangu ujana wake. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi ya mkaa, picha zake ndogo, barua ya balozi na kadi ya zamani ya bibi vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, vimetundikwa juu panya wasifike.

Jumanne mvua ya mawe ikamkuta Bwana Asali mlangoni kwetu. Mama akamkaribisha, akampa kigoda, akaenda jikoni kuchochea moto. Baba alikuwa shambani. Nikabaki naye mimi, nina miaka kumi, najiona mwenyeji. Nikamwona anasimama, anaisogelea ile karatasi, anaisoma, anarudia kuisoma.

"Hii ya nani?"

"Ya Baba," nikasema kwa majivuno. "Wanakutana hapa kila Jumapili. Jumapili hii ndiyo wanamaliza."

"Na Rais ni nani?"

"Rais hana mtu. Yeye kazi yake ni kufa tu."

Bwana Asali akatoka mvua ikiwa bado inanyesha. Mama aliporudi na uji akanishangaa: "Mgeni umemfanya nini?"

Jioni ile ile walikuja askari wawili pamoja naye. Walimkuta Baba ananawa matope miguuni. Alipoelezwa, alicheka. Huyo ndiye Baba. "Ni kitabu, bwana mkubwa. Tunasoma kitabu."

"Kiko wapi?"

Hapo ndipo akaacha kucheka. Kitabu kilikuwa kimeachia gundi siku nyingi, tukakigawa mafungu manne na kuyafunga kwa kamba za migomba, kila nyumba ikaondoka na fungu lake la kurudia. Fungu la kwanza tu ndilo lililokuwa kwetu, na fungu la kwanza lilikuwa na Rais akinywa chai na kuanguka. Bwana Asali akasoma kurasa mbili amesimama, akazidi kukunja uso. Wakaondoka na Baba, na karatasi ya ukutani, na misumari yake.

Mama alisimama uani akimfokea mtu ambaye hayupo tena. "Nilikwambia uandike barua ya uraia! Wewe ukaandika waliomuua Rais!" Kisha akanigeukia mimi. Kesho yake sikwenda shule. Kazi yangu ilikuwa kukusanya mafungu matatu yaliyobaki na kuyapeleka kituoni, Bwana Asali asome, aone ni hadithi, Baba atoke awahi meza ya Alhamisi. Hesabu ilikuwa rahisi kabisa, kama watu wangekuwa watu.

Nikaanza kwa Mzee Bukuru. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sina."

"Sijasema nataka nini."

"Chochote unachotaka, sina. Kitabu sijui. Mimi hata kusoma sijui."

"Babu! Jumapili ulisoma ukurasa mzima kwa sauti!"

"Ile sauti haikuwa yangu." Akaingia ndani akafunga mlango, kisha akaufungua kidogo. "Waambie Bukuru hajawahi kumuua Rais. Hata kuku anachinjiwa." Akafunga tena. Nilikaa pale mlangoni nikalia, hadi mkewe akazunguka nyuma ya nyumba, akalirusha fungu juu ya ua bila kusema neno.

Mama Odeta yeye alilitoa mwenyewe chini ya mtungi, limelowa, linanuka pombe. "Yampayinka, jamani! Nilisema tangu siku ya kwanza mpishi hana kosa! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mama mkubwa."

"Basi uwaambie huko unakokwenda. Mpishi hana kosa!"

Fungu la mwisho lilikuwa kwa Katekista. Tulikuwa bado hatujasomewa mwisho, lakini yeye, kama kawaida yake, alilichukua ili atutangulie. Nilimkuta anafagia kanisani. Aliponiona alishtuka, akachungulia nje, akatoa fungu ndani ya mfuko wa vitabu vya nyimbo na kuniingizia kwenye kanga.

"Hukunikuta," akanong'ona. "Umeokota njiani. Umenielewa?"

"Ndiyo, Katekista."

Kisha akanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. "Mwambie baba yako pole sana. Na wewe usiusome huo mwisho."

Sasa mtoto aambiwe asisome, asisome? Nikaingia kwenye shamba la kahawa nikakaa chini, nikafungua kamba. Nilisoma haraka, nikiruka maneno magumu, na matone ya mvua yakiniangukia kutoka kwenye majani. Hakuwa mpishi. Hakuwa Waziri. Aliyeweka sumu kwenye chai alikuwa Mshauri. Walimfuata nyumbani kwake, mkewe akasimama mlangoni, wakaondoka naye, na kitabu kikaisha bila yeye kurudi.

Mimi, Mshauri, nilikuwa naye mezani. Kwa mwandiko wa Baba.

Nawaomba msinicheke. Leo mnaweza kusema mtoto wa miaka kumi anajua tofauti ya hadithi na kweli. Nani kasema? Watu wazima wenyewe walikuwa wamenuniana wiki mbili kwa ajili ya sura ya tisa. Askari walikuwa wameshakuja kweli, Mama alisimama mlangoni kweli, Baba alichukuliwa kweli, na yote hayo yalikuwa yameshapigwa chapa kabla ya mimi kuzaliwa. Nilichoelewa ni kwamba Bwana Asali anatafuta aliyemuua Rais, na mimi nimebeba jibu. Nikisalimisha lile fungu, Baba harudi.

Nikaenda chooni kwetu, nikalitumbukiza. Nilisikia linavyotua. Nikanawa mikono, nikamwambia Mama nimepata mafungu mawili tu, Katekista amesema hana. Mama akamtukana Katekista kwa Kihangaza, maneno ambayo siwezi kuyaandika, tukayafunga yale mawili na kwenda kituoni.

Hadi leo sijui kiumbe anayesoma polepole kama Bwana Asali. Alikaa kwenye benchi la kituo, kidole kwenye mstari, midomo inacheza, kikombe cha chai pembeni. Jumatano ikaisha. Alhamisi ikaja. Mama alichukua ule mfuko wa nailoni, akatembea hadi kwenye meza ya uhakiki, akawaomba wapokee karatasi kwa niaba ya mumewe. Wakamwambia mwenyewe aje, na vidole vyake, kuna kupiga alama za vidole. Akarudi kituoni, akaomba Baba apelekwe hata na pingu, saa moja tu, arudishwe. Bwana Asali hakuinua macho. "Mama, nasoma."

"Umefika wapi?" Mama akamuuliza kwa hasira.

"Wameondoa askari getini."

"Bado uko hapo!"

Ijumaa asubuhi akamaliza. Alitoka nje bila koti, mara ya kwanza kumwona bila koti, na macho yamemwiva. "Nakubali ni kitabu," akasema. Mama akashika kifua. "Lakini mwisho uko wapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa kitabu. Nani kaweka sumu? Hiki kitabu kimeletwa kizima, umefichwa mwisho tu. Kwa nini ufichwe mwisho? Lisemwalo lipo, mama." Mimi sasa ni mtu mzima, nimekaa na viongozi, nimekaa na askari, na naapa kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa kazi na nusu ilikuwa hamu. Yule bwana alitaka kujua! Angeweza kumwachia Baba akaenda zake, lakini asingelala.

Wakamtoa Baba, na ndevu zimemwota. Akasema fungu la mwisho analo Katekista. Katekista akaitwa. Akaja na rozari mkononi, akaapa mbele ya watu wote kwamba kitabu hicho hajawahi kukiona kwa macho yake. Mtu anayetufundisha amri kumi! Bwana Asali akanigeukia mimi, lakini kabla hajasema kitu Baba akamtangulia. Alichuchumaa mbele yangu. Yeye hupenda kuniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mama, Katekista alikupa?"

Nilitazama kucha zake zilivyojaa udongo wa Jumanne. Nilitaka arudi nyumbani kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Hapana, Baba."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasimama. "Basi, bwana mkubwa. Mtoto hajui."

Saa kumi ya Ijumaa ilitukuta pale pale, mimi na Mama chini ya ukuta, tukisikiliza redio ya askari ikitaja saa. Jumamosi asubuhi yule kiongozi akapita barabara kuu, vioo vimefungwa, hakuna aliyemwona hata sikio. Mchana wakasema Baba aende. Hakuna aliyesema pole. Tukapita njia ya ofisini kwa makusudi, labda watu wa uhakiki wamechelewa kuondoka. Meza haikuwepo. Mlinzi akasema watarudi tu, msiwe na wasiwasi.

Hawakurudi. Bwana Asali naye alihama wiki iliyofuata, na nasikia aliaga vizuri, akaahidi kuja na mzani. Baba akabaki mgeni. Ndugu zake waliokwenda kwenye meza ile wakapata vyeti, wakapiga kura, wakagombea hata uenyekiti wa kijiji. Baba akawa mtu wa kibali cha kuishi nchini. Kibali kinaisha, unaomba kingine, unapanga foleni, unaulizwa. Mimi na wadogo zangu hatukuguswa kwa sababu ya Mama. Nikasoma, nikawa mwalimu Biharamulo, na kila kibali kinapoisha namsindikiza. Na kila mara, kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji kule Ngara mjini, nilikuwa nataka kumwambia, nashindwa. Nilipokua na kuelewa nilichofanya, nilikuwa nimeshachelewa mno kukisema, na kadiri nilivyochelewa ndivyo kilivyozidi kuwa kizito. Mama amekufa bila kujua.

Siku ile ya karanga nilikuwa nimenuna, na kununa kumbe kunasaidia. Tulikaa kwenye benchi, Baba na fimbo yake, kofia magotini, mzee wa miaka sabini na kitu. Nikasema bila hata kumtazama, "Baba, mwisho wa kile kitabu niliutupa mimi. Chooni."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Katekista alinieleza Jumapili ile ile baada ya misa. Alipiga magoti kule jikoni kwetu, analia. Akasema alikupa, na mwisho ulikuwa Mshauri. Nikajua umefanya nini na kwa nini."

Nikamgeukia. "Miaka yote hii? Umekaa nayo miaka yote hii, unaniona ninavyohangaika, hukuniuliza hata siku moja?"

"Nikuulize nini? Ulikuwa mtoto, kitabu kimekutisha. Ningekwambia matokeo yake, usingeshika kitabu tena." Akapangusa kofia vumbi ambalo halikuwepo. "Cheti mimi nilishakikosa. Nikukoseshe na wewe shule?"

Mtu angelia hapo kwa shukrani. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia mzee wa watu, kwa wema wake ule wa kimya kimya unaomwacha mtu hana hata pa kuombea msamaha. Nikamwambia, "Baba, unaudhi!" Akasema, "Ndiyo, na mama yako alikuwa akisema hivyo."

Tukaitwa dirishani. Kijana mwenyewe hata hakuwa amezaliwa wakati ule. Akauliza jina, akauliza alikozaliwa, akafika pale anapofika kila mara. "Mzee, madhumuni ya kukaa nchini?"

Baba hujibu kilimo. Safari hii alininyooshea kidole. "Huyu."

"Huyu nani?"

"Binti yangu. Nakaa kwa ajili yake."

Kijana akatazama fomu, akanitazama mimi, akarudi kwenye fomu. "Hilo halimo, mzee. Kuna kilimo, biashara, masomo na matembezi."

Nilifungua mdomo nimseme, nimweleze yote, tangu chai ya Rais. Baba akaniwekea mkono begani.

"Basi, mjukuu wangu," akamwambia kijana. "Andika kilimo."